Gramu Moja Katika Tani Mia

Kazi yangu ni kuwaandikia watu vitu ambavyo hawana muda wa kuviandika wenyewe. Mwaka jana mteja mmoja alitaka maneno elfu mbili kuhusu historia ya utafiti wa viwanda Kenya. Alilipa nusu, ile nusu nyingine bado naisikia tu kwa simu. Lakini nilikuwa nimeshasoma, na si unajua vile unaweza kuanza kitu cha kuboesha halafu saa nane usiku bado uko macho?

Basi iko hivi. Taasisi yetu ya kitaifa ya utafiti na maendeleo ya viwanda, KIRDI, ilianzishwa 1979, na kilichoileta kilikuwa talaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Kenya, Uganda na Tanzania wakaanza kugawana vyombo vya nyumba: ndege, reli, posta, hadi maabara. Shirika la pamoja la utafiti wa viwanda lilikuwa hapa Nairobi, kwa hivyo likabaki kwetu. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Sayansi na Teknolojia mwaka huohuo wa 1977. Marekebisho ya 1979 ndiyo yaliyozaa KIRDI, pamoja na KEMRI ya tiba, KARI ya kilimo na KMFRI ya bahari na samaki. Ukoo mzima kwa mkupuo mmoja.

Ukichimba zaidi, mizizi inafika 1942. Ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia, meli hazina uhakika, na Waingereza ghafla wakakumbuka kwamba makoloni yanaweza kutengeneza vitu pia. Mwaka huohuo, chini ya mkoloni huyohuyo, India ilipata CSIR, baraza lake la utafiti wa sayansi na viwanda, likiongozwa na mkemia Shanti Swarup Bhatnagar. Hapo ndipo nilipokwama usiku ule. Mama mmoja, watoto wawili, mwaka mmoja. Wa kule leo ana maabara zaidi ya thelathini. Mojawapo ndiyo iliyotoa fomula ya wino usiofutika, ule ambao wapiga kura wa India wamekuwa wakipakwa kidoleni tangu 1962 na ambao huuzwa nchi nyingine nyingi. 1997 CSIR ilienda Marekani na kufanya hataza ya manjano ifutwe, kwa sababu hauwezi kudai umevumbua kitu ambacho nyanya za watu wanapaka kwenye vidonda tangu zamani. Sisemi India ni mbinguni. Nasema tu kuna nchi ambapo taasisi ya utafiti unaweza kuibeba kwa kidole.

Kwetu, ukitaja serikali na uvumbuzi, watu wanacheka kuhusu gari. 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, yakatoka matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, na hadithi ikaishia hapo. Mimi gari halinisumbui. Nadhani hata tunacheka kitu kisichofaa. Kazi ya maana ya taasisi kama hizi haionekani barabarani. Ni kupima.

Na hapa inabidi nimtaje Anti.

Anti hutengeneza siagi ya njugu kwake Umoja. Anakaanga kwa karai, anaondoa maganda, anapeleka kwa mashine ya kusaga, anarudi kujaza chupa. Ni njugu na chumvi tu. Watu wa mtaa wanaimaliza kabla ya wikendi. Alipojaribu kuipeleka kwa supamaketi moja, waliuliza mambo mawili: alama ya ubora iko wapi, na karatasi ya aflatoksini iko wapi. Akanipigia simu, kwa sababu kwa familia yetu mimi ndiye mwanasayansi. Nilisoma kemia hadi mwaka wa pili, karo ikakataa kulipika, nikatoka. Anti hajali hiyo sehemu ya pili. Ananiita profesa.

Aflatoksini ni sumu ya kuvu. Inaingia kwa mahindi na njugu zisipokaushwa vizuri au zikipata kiu shambani. Haina rangi wala harufu, na kukaanga hakuimalizi. 2004 iliua watu 125 huku Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, watu waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe. 2019 KEBS ilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa ajili yake. Kiwango kinachokubaliwa Kenya ni sehemu 10 katika bilioni. Nilimfanyia Anti hesabu: gramu moja katika tani 100, yaani katika magunia zaidi ya elfu moja ya kilo 90.

Alinyamaza kidogo. "Sasa mimi nitaionaje, mwanangu?"

Hiyo ndiyo hoja yote ya kuwa na maabara ya umma, na sijawahi kuisoma ikielezwa vizuri hivyo kwa sera yoyote. Kampuni kubwa ina maabara yake. Mtu wa karai ana macho. Maabara ya kibinafsi tuliyoiuliza ilitaka pesa zaidi ya faida yake ya wiki nzima, kwa sampuli moja, na gunia likibadilika, unaanza upya.

Pesa ya kuziba hilo pengo iko, kwa karatasi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti utapata asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kufika hapo. Takwimu za UNESCO za 2010 zilionyesha nchi nzima, serikali na wengine wote pamoja, ilitumia karibu asilimia 0.8 kwa utafiti. Na bado vitu vinatoka. KALRO, iliyorithi KARI, ina kiwanda Katumani cha kutengeneza Aflasafe, kuvu isiyo na sumu ambayo unamwaga shambani ili ifukuze ile yenye sumu. Ni akili sana hiyo. Lakini njugu za Anti zinatoka sokoni, na hajui shamba.

Tulichofanya ni hiki. Anti aliongea na wenzake wawili wa chama wanaofanya kazi hiyohiyo. Wakanunua gunia moja pamoja, wakakaa siku nzima wakichambua, njugu zilizonyauka na zenye madoa zikatupwa. Hiyo peke yake hupunguza sumu sana. Mimi kazi yangu ilikuwa sampuli. Sumu haikai sawasawa. Njugu moja inaweza kubeba yote na jirani yake iwe safi, kwa hivyo nilichota juu, katikati, chini, pembeni, nikachanganya. Wakachanga pesa.

Matokeo yalikuja kwa simu yangu Jumatano. Sita.

"Sita kwa ngapi?" Anti akauliza.

"Kumi."

Wale wawili walipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Anti hakupiga. Alikuwa anaangalia gunia, ambalo lilikuwa limebaki robo.

"Na lile la mwezi ujao, profesa?"