Jinsi Nilivyojifunza Kutembea na Kamera

Wale mliokuwa nami darasani mtakumbuka kwamba sikuwa hodari wa mpira wala wa hesabu, lakini nilipenda picha. Tangu nilipotoka shule nafanya kazi ya kupiga picha za video hapa Gitega, katika duka dogo la fundi mmoja aliyenifundisha kazi. Leo nataka kuwaeleza habari ya chombo kimoja ambacho wapiga picha hukiita gimbali, maana kilinitoa jasho kuliko mtihani wowote.

Mwaka 2023 binti wa shangazi yangu, akaaye Muyinga, aliposwa na kijana wa Gitega. Kwa kuwa mume wa shangazi alikwisha fariki, wazee waliamua wakwe wapokelewe nyumbani kwetu, kwa baba yangu. Shangazi akaja kutoka Muyinga mwezi wa Juni. Mtoto wake wa kwanza ni dereva huko Muscat, Oman, na ndiye aliyegharimia mambo yote, lakini hakupata ruhusa ya kuja. Aliniomba jambo moja tu, nimpigie picha nzuri amwone mama yake kati ya wageni, maana ni miaka sita hajamwona ila usoni katika simu.

Basi siku ile nilishika kamera mkononi nikakimbia nayo huku na huku kama mwenye kufukuza kuku. Nilijiona bingwa. Baada ya siku mbili ndugu yangu akapiga simu kutoka Muscat, akasema, "Ndugu yangu, asante kwa kazi. Lakini nimetazama dakika tano nikashikwa na kichefuchefu kama niliye katika jahazi. Mama nimemwona, ila alikuwa akiruka kama mpira."

Nilitahayari sana. Harusi yenyewe ilikuwa iwe Muyinga mwezi wa Agosti, nami nilikuwa nimekwisha ahidi kuipiga.

Fundi wangu aliposikia alitoa sandukuni gimbali yake, akaniambia, "Chukua, ujifunze, lakini ukiivunja utanilipa." Chombo chenyewe ni mpini mfupi wenye mikono mitatu iliyopindwa, na katika kila kiungo mna mota ndogo. Ndani mna vipimo vinavyohisi kamera inapoinama, inapogeuka au inapolala ubavu, navyo huamuru mota zisukume upande wa pili kabla jicho halijatambua. Nilifunga kamera juu yake, nikabonyeza kitufe, nikangoja muujiza. Mota zikanguruma kama nyuki, kamera ikatetemeka, kisha ikaanguka kichwa chini. Hata robo saa haikupita, mota zilikuwa za moto na betri iko taabani.

Fundi alicheka mpaka akatoka machozi. Kumbe kamera lazima isimame yenyewe kwanza, mota zikiwa zimezimwa, mfano wa mizani ya dukani. Waisogeza mbele na nyuma juu ya kibao chake mpaka ukiielekeza juu inabaki juu, na ukiielekeza chini inabaki chini. Kisha wafanya vivyo hivyo kwa ubavu, na mwisho kwa ule mkono wa chini. Ukibadili lenzi, uzito umebadilika, nawe waanza tena. Mota hazikuwekwa zibebe uzito. Kazi yake ni kusahihisha makosa madogo. Kulijua hilo tu kulinichukua juma zima.

Nikatoka barabarani kwa furaha. Kamera sasa haikuinama wala kulala, lakini nilipotazama picha, nyumba zote za Gitega zilikuwa zikipanda na kushuka kwa kila hatua yangu! Mota tatu hutuliza miendo mitatu ya kugeuka, ila mwendo wa kwenda juu na chini haziwezi kuuzuia. Mmarekani Garrett Brown, aliyebuni Steadicam katika miaka ya 1970, alitumia mkono wenye springi uliofungwa kwenye kizibao cha mpiga picha, na springi hizo ndizo zilizomeza kishindo cha hatua. Kwa hiyo katika filamu ya Rocky ya mwaka 1976 kamera iliweza kumfuata mtu akipanda ngazi ndefu za Philadelphia, na picha ikawa tulivu. Gimbali yangu haikuwa na springi. Springi ilikuwa mimi.

Nilijaribu kutembea magoti yakiwa yamekunjwa, viwiko vimebanwa mbavuni, nikitanguliza kisigino na kuviringisha unyayo mpaka vidoleni. Wasichana waliokuwa wakitoka kuteka maji, madumu kichwani, walinicheka waziwazi. Ndipo nikaona kwamba wao walikuwa wakicheka, wakitembea na kuzungumza, na maji hayamwagiki.

Jumapili moja nikaenda Gishora, karibu na Gitega, kuwatazama wapiga ngoma. Nilikuwa nimewaona mara nyingi tangu utoto, na ngoma zao zilitiwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, lakini sikupata kuwatazama miguu. Huingia uwanjani kwa mstari, ngoma nzito ya gogo kichwani, nao huku wanatembea na huku wanaipiga. Sikuona kichwa hata kimoja kikiruka. Walipomaliza nilimwendea mzee mmoja, nikamwuliza shingo yake haiumi? Akanijibu kwa Kirundi kwamba ngoma haibebwi na kichwa, hubebwa na magoti. Tangu siku ile kila alfajiri nilizunguka uani kwetu na bakuli la maji kichwani. Mama alidhani nimerogwa.

Mwezi wa Agosti nilipanda gari kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, gimbali mapajani kama mtoto. Petroli ilikuwa adimu mwaka ule, nikangoja gari tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Harusi ilikuwa njema. Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni shangazi alipotoka mlangoni, akavuka ua polepole mpaka kwenye kiti cha bintiye. Nilikuwa mbele yake, narudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, nyayo zinapapasa ardhi. Dakika nzima bila kukata, na picha imetulia kama maji ya mtungini. Nikaipeleka Muscat usiku uleule.

Asubuhi simu ikalia. Nilitazamia sifa. Ndugu yangu akauliza, "Mama anachechemea tangu lini?"

Nikamwambia, tangu masika. Aliteleza kisimani, akatukataza tusimwambie mtu.

"Mbona Gitega sikuona?"

Nikanyamaza. Katika picha ile ya Gitega hata kuta zilikuwa zikichechemea.

Juma lile akatuma fedha za daktari. Shangazi akanipigia simu kwa hasira: "Baba, nani kamwambia?"

"Hakuna, shangazi. Ameona mwenyewe."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kipande kile naweza kukikata. Nikamjibu kwamba kimekwisha fika Muscat.