Fungueni Dirisha

Mimi ni mwalimu wa dini katika sukursali moja ya milimani, upande wa ziwa Kivu. Nilisoma seminari ndogo, kiisha filozofia, halafu nikaona wito wangu ni ndoa. Leo nina mke na watoto wanne. Kazi yangu ni katekismu, kuongoza sala ya dominika padri asipofika, na kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Vifo nimeviona vingi. Lakini juu ya kifo kimoja cha mwaka 2019 sina budi kuandika, kwa maana pale nilikosa, na aliyelipa kosa langu ni mgonjwa, siku mbili nzima.

Alikuwa mama mjane, aliyeuza sambaza sokoni tangu ujana wake. Sauti yake ilijulikana kilimani pote. Kansere ilimshika katika ziwa. Akapasuliwa mjini, akapona kidogo, baadaye ugonjwa ukarudi ukaingia mapafuni. Maji yakajaa kati ya pafu na mbavu. Waganga waliyatoa kwa sindano, naye akapumua vizuri majuma machache. Maji yakarudi. Ndipo daktari akawaambia watoto wake wazi kwamba dawa ya kuponyesha haiko tena, wampeleke nyumbani, na masista wa kituo cha afya watamwangalia.

Nilipoitwa, ilikuwa jioni ya mvua. Nilikuta watu kama ishirini katika chumba kimoja. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, na mbabura wa makala unawaka pembeni. Mama alilazwa chali, blanketi mbili juu yake, akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio na mzigo kichwani. Macho yake yalikuwa wazi sana. Mimi, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu, nikatoa rozari, nikaanza kusali kwa sauti kubwa, na kila Salamu Maria nikamngojea mgonjwa aitikie. Alijaribu. Alisema neno moja, akavuta pumzi. Neno la pili, akavuta pumzi. Nikamwambia, «Mama, jikaze, mtolee Bwana Yesu mateso yako.» Mungu anisamehe. Nilikuwa namwomba aliyekosa pumzi anipe hata ile kidogo iliyomsalia.

Kukosa pumzi si sawa na kuumwa. Mwenye kuumwa mguu aweza kulia. Huyu hana hata pumzi ya kulia. Tena hofu humwingia: akiogopa, hupumua mbiombio, na akipumua mbiombio huona hewa imepungua zaidi, basi huogopa zaidi. Hayo sikuyajua bado.

Sista mwuguzi alifika kesho yake asubuhi. Ni mwanamke mfupi, wa maneno machache. Alisimama mlangoni, akatazama, akasema, «Fungueni dirisha.» Binti wa mgonjwa akajibu kwamba baridi itamwua mama. Sista akasema baridi haina neno, maadamu miguu imefunikwa. Mbabura ukatolewa nje, kwa sababu moshi wa makala ni sumu hata kwa mwenye mapafu mazima. Watu wakaombwa kutoka, wabaki wawili. Mimi nilidhani nitabaki. Sista akanitazama, nikatoka na wengine.

Nilichungulia kutoka ukumbini, nikaona alivyofanya. Alimwinua mama, akamketisha, mito na mfuko wa maharage nyuma ya mgongo. Akamwekea mbele meza ndogo yenye mto juu yake, ili aegemee kwa mikono, kwa maana mwenye kukosa pumzi akiinama kidogo mbele, mabega yake yakitulia, kifua hupata nafasi. Kiisha akachukua kipande cha katoni akawa anampepea usoni, polepole, penye mashavu na pua. Nikashangaa, kwani nilifikiri upepo ni starehe ya mabwana. Baadaye alinieleza kwamba ubaridi wa hewa usoni hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hupunguza ile hamu kali ya hewa. Tena akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, akapumua naye: kuvuta kwa pua, kutoa kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepuliza moto. Baada ya dakika chache macho yale yakafumba. Hakupona, lakini mtu aliweza kumtazama bila kutetemeka.

Binti akauliza kwa nini hawaleti chupa ya oksijeni kama ya hospitali. Sista akatoa chombo kidogo, akakifunga kidoleni mwa mgonjwa, akasoma namba. Akasema oksijeni ya damu yake bado inatosha. Kwa mtu kama huyo chupa haisaidii kupita upepo wa dirishani. Sijui ni jamaa ngapi zimeuza ng'ombe kwa ajili ya chupa hiyo.

Sasa nifike penye kosa langu. Sista alirudi jioni na kichupa cha maji ya morfini, kwa amri ya daktari. Kipimo kilikuwa kidogo, miligramu 2 na nusu kila saa nne, kwa mdomo. Akafundisha kupima kwa sindano isiyo na ncha. Alipokwenda, binti akanifuata njiani katika giza. «Mwalimu, watu wanasema dawa hii ni ya kuua. Nikimpa mama, naye akafa usiku, si nitakuwa nimemwua mwenyewe? Utuambie wewe uliyesoma.»

Nami niliyesoma sikujua la kumjibu. Niliogopa. Nikasema, «Subirini kidogo, nimwulize padri.» Padri alikuwa safarini, upande wa pili wa parokia. Alirudi siku ya tatu. Siku mbili hizo kichupa kilikaa juu ya kabati, na mama alihema usiku na mchana, binti akimpepea mpaka mkono ukamfa ganzi.

Padri aliposikia, hakunikaripia. Aliuliza tu kama nimesahau somo la maadili. Kumbe nilisahau. Papa Pius XII mwenyewe alilijibu swali hili tarehe 24 Februari 1957, mbele ya waganga waliokusanyika Roma, baada ya madaktari wa Italia wa dawa za usingizi kumpelekea maswali yao. Alisema ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizo, hata kama fahamu itapungua na hata kama maisha yangeweza kufupishwa, ikiwa hakuna njia nyingine, na mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa dini na wa jamaa. Katekismu ya mwaka 1992 inafundisha vilevile, katika namba 2279: kifo kisitakwe, wala kama lengo wala kama njia. Nilikuwa na katekismu hiyo nyumbani, juu ya rafu, imefunikwa karatasi ili isichafuke.

Tena waganga wa leo wamejua kwamba morfini ikipimwa kidogo kidogo na mwenye ujuzi haimwui mgonjwa. Inatuliza ile njaa ya hewa iliyo katika ubongo. Si wote wanaosaidiwa sawasawa, lakini wengi husaidiwa. Siku za kwanza huleta usingizi, pengine kichefuchefu. Na karibu kila mara hufunga choo, kwa hiyo dawa ya choo hutolewa pamoja nayo. Asiyeambiwa hayo huikataa siku ya tatu. Wala mtu asiongeze kipimo kwa shauri lake mwenyewe.

Padri alimwungamisha mama, akampaka mafuta matakatifu, akampa kipande kidogo sana cha Hostia na maji kijiko kimoja, kwa kuwa kumeza kulikuwa kazi. Kiisha binti akampa morfini mbele yetu. Mkono wake ulitetemeka. Hatukusali kwa sauti, tulikaa. Haikupita saa moja mama akasema maneno matano mfululizo, ndiyo ya kwanza kwa siku nyingi: «Mwanangu, umelipa deni la chumvi?» Tulicheka, naye akacheka kidogo kwa midomo.

Nilimwuliza Sista alikojifunza kazi hii. Ni Kampala, katika nyumba iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Mwingereza, Anne Merriman, aliyekuwa zamani mtawa mmisionari. Huko walichanganya unga wa morfini na maji, wakautia rangi ili vipimo visipotezane, kijani kwa ile hafifu; na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa hasa kazi hiyo kuiandika wenyewe. Kabla yao, huko London, Cicely Saunders aliwatunza wagonjwa wa kansere katika nyumba ya masista Wairlandi, akiwapa morfini kwa saa yake bila kungoja walie, ndipo mwaka 1967 akafungua nyumba yake, St Christopher's. Kwetu Kongo dawa hii ni adimu vijijini. Sisi tulikuwa na bahati ya sista mmoja.

Mama aliishi siku kumi na moja tena. Wale waliosema ni dawa ya kuua walizihesabu, mimi pia nilizihesabu.

Siku ya mwisho alilala bila kuamka, na koo lake likaanza kutoa sauti ya maji, kama chungu kinachochemka. Sauti hiyo hutisha nyumba nzima. Shangazi mmoja alitaka kumnywesha maji, mwingine apigwe mgongo. Sista akakataza yote mawili, maana maji yangeingia mapafuni. Akamgeuza alale ubavu, kichwa kikiinuka kidogo, akafuta mdomo kwa kitambaa chenye maji. Akawaambia kwamba ni mate tu, ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza, na kwamba yeye hasikii taabu; wanaoteseka ni sisi tunaosikiliza. Akamwonyesha binti uso wa mama yake: paji halikukunjamana, mikono imelegea. Binti akatazama muda mrefu, akaacha kulia, akavuta kiti karibu.

Alikufa alfajiri, dirisha likiwa wazi. Nilisali kwa sauti ndogo, nikaitikia mwenyewe.

Baada ya kilio, binti alinijia nyumbani na kichupa kilichobaki, ili nikirudishe kwa Sista, kwa maana dawa hiyo haikai ovyo nyumbani. Pamoja nacho alileta kile kipande cha katoni, pembe zake zimelainika kwa kushikwa. Alisema hakuweza kukichoma, wala hakuweza kukiona. Nikakitia katika mfuko wangu wa ziara, kando ya kitabu cha sala. Tangu wakati ule nimekitumia katika nyumba tatu.