Damu Yako Inalinganishwa na ya Nani?

Siku hizi mambo ya posa yakianza, watu makini hawaishii kuuliza kabila na kazi, wanauliza na majibu ya selimundu. Sawa kabisa. Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka, na baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mimi na mwenzangu tulipima mapema. Yeye, mtoto wa Lindi mjini, alikutwa mbebaji. Mimi wa Kilwa Masoko sikuwa. Tukashusha pumzi. Tungeishia hapo kama si hii damu yangu.

Damu yangu, jamani, ina historia. Tangu niko sekondari kila nikipimwa naambiwa pungufu. Si pungufu ya kulazwa, ni ile ya kuandikiwa fefo na kupewa hotuba: kula matembele, kula maini, kunywa rozela. Chuo kikuu hivyo hivyo, kazini hivyo hivyo. Zaidi ya miaka kumi nameza vidonge, damu iko palepale, kinachobadilika ni tumbo tu. Habari zikafika kwa wakwe. Shangazi yake mmoja, mama wa pwani hasa, anayejua kusema bila kusema, akamuuliza mama yangu kwa upole: "Na bibi harusi wetu, mimba ataiweza?"

"Dada yangu," mama akajibu, "sisi kwetu wote tuko hivi, na tumezaa."

Alikuwa anamtetea mwanawe tu, lakini kumbe alikuwa ametoa jibu la kitaalamu. Daktari niliyemwona Dar, mzee asiye na haraka, aliangalia vipimo vyangu viwili kwa pamoja: chembe nyekundu ni ndogo kuliko kawaida, lakini akiba ya madini ya chuma mwilini imejaa tele. Sasa chuma kipo, kinapungua nini? Akasema tuhesabu nakala za jeni.

Iko hivi. Himoglobini hujengwa kwa minyororo ya aina mbili, alfa na beta. Selimundu hutokana na herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya beta. Jeni za alfa ni kitu kingine: watu wengi wanazo nne, mbili kutoka kwa baba na mbili kutoka kwa mama. Alfa thalasemia iliyoenea pwani yetu siyo herufi iliyokosewa, ni jeni nzima haipo. Kipimo changu cha selimundu hakikudanganya, hakikuulizwa swali hilo.

Sampuli ikasafirishwa India. Kipimo chenyewe kinaitwa MLPA, kilianza kuelezwa na wataalamu wa Uholanzi mwaka 2002, na kina programu yake ya kompyuta, Coffalyser.Net, ambayo kampuni ya MRC Holland ya Amsterdam inaitoa bure. Nilidhani programu inazihesabu jeni kama unavyohesabu mayai kwenye trei. Wapi! Inalinganisha. Mashine inachora vilele, kila kilele kipande kimoja cha jeni, halafu programu inagawanya vilele vyako kwa vile vya watu wengine waliopimwa pamoja nawe. Jibu likiwa karibu na 1, una nakala mbili kama wao. Likiwa 0.5, moja haipo. Likiwa 1.5, umezidisha moja. Kwenye grafu yangu vidoti vilijipanga vizuri kwenye 1, vikafika eneo la alfa, vichache vikaanguka hadi sifuri. Maana yake nimekosa jeni moja upande wa baba na moja upande wa mama. Zimebaki mbili kati ya nne, ndizo zilizonifikisha ukubwani.

Ila hao "watu wengine" ndio wanaoamua kila kitu. Maabara lazima iwatafute wanaojulikana kuwa na jeni zote. Ingekosea ikachukua wenye pengo kama langu, ulinganisho wenyewe usingeaminika. Na kuwapata wenye pengo pwani si kazi: Kilifi, kule Kenya, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya watoto wamekosa angalau nakala moja. Sababu ni malaria. Pengo hilo hukinga dhidi ya malaria kali, kama ubebaji wa selimundu unavyokinga. Cha ajabu, utafiti wa hukohuko Kilifi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vikikutana ndani ya mtu mmoja kinga inapungua sana, hasa kwa aliyekosa nakala mbili.

Mwenzangu naye akapimwa, jeni zake za alfa zote zipo. Kwa hiyo watoto wetu watakosa moja tu, na wengine watachukua na ubebaji wake. Tulicheka kidogo, tukanyamaza kidogo, tukakubaliana chandarua hakitoki kitandani. Kuhusu ile hatari ya mtoto kukosa zote nne, inayozisumbua nchi za Asia ya Kusini Mashariki, kwetu ni nadra sana, maana aina iliyoenea Afrika huacha jeni moja kila upande.

Wapo pia waliozidishiwa. Nyamisati, kijiji cha delta ya Rufiji unachokipita kwa mbali ukielekea Kilwa, kilihusika kwenye utafiti uliochapishwa 2018. Wenye mpangilio fulani wa nakala za ziada kwenye jeni za glaikoforini, unaojulikana kukinga dhidi ya malaria kali, walikutwa na himoglobini ya juu zaidi.

Tafadhali, usitupe fefo zako kwa sababu yangu, hasa kama ni mjamzito. Upungufu wa chuma upo na unaua. Ila kama umemeza miezi na miezi bila mabadiliko, omba wakupime akiba ya chuma.

Karatasi nilimpelekea shangazi mwenyewe. Alivaa miwani, akaipitia yote pamoja na grafu, nikamweleza namna inavyolinganishwa. Akauliza: "Sasa hao uliolinganishwa nao, watu wa wapi?"

Tukatafuta pamoja, mbele na nyuma. Haikuandikwa.