Neno la Mwisho ni la Nani?

Msomaji wangu, ukiolewa na fundi wa tovuti utazoea mengi. Utazoea kuitwa saa nne za usiku uje uangalie kama kitufe kimekaa sawa. Utazoea kuulizwa, "Buluu hii na ile, ipi inapendeza?" wakati macho yako yanaona buluu moja tu. Na utazoea kuwa na mgeni wa kudumu ndani ya ndoa yako, jina lake CSS.

Mimi ni mhariri, chuo kikuu nilisomea mawasiliano, kwa hiyo kazi yangu ni maneno. Kazi ya mwenzangu ni namna hayo maneno yanavyoonekana. Tunaishi Mangapwani, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, pamoja na mama yake na binti yetu wa miaka sita. Umeme ukiwepo na bando likiwepo, kazi za mjini tunazimaliza hukuhuku shamba.

Hebu nikutambulishe kwa huyo mgeni. Ukurasa wa intaneti ni kama nyumba. Kuta na milango hujengwa kwa HTML. Rangi, ukubwa wa herufi, nafasi baina ya mistari, hiyo sasa ndiyo CSS. Wazo lake lilitolewa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Uswisi, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Uzuri wake ni kwamba unaweza kubadilisha chokaa ya nyumba nzima bila kubomoa ukuta hata mmoja.

Lakini mume wangu hapendi chokaa tu. Ugonjwa wake ni kitu ambacho mafundi wanakiita ufikivu, yaani ukurasa utumike na kila mtu: asiyeona, mwenye mikono inayotetemeka, hata mzee aliyesahau miwani. Mwaka jana mwenye nyumba moja ya wageni alitaka herufi za kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe, eti ndiyo kisasa. Mume wangu akamfungulia mwongozo wa kimataifa, WCAG. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yaachane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha yule bwana hakikufika hata 3. Walivutana wiki nzima, kijivu kikashindwa.

Kwenye tovuti hiyohiyo kulikuwa na picha za pango letu la matumbawe. Asiyeona hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, na picha isiyo na maelezo kwake ni kimya kitupu. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Niliandika: "Ngazi nyembamba za mawe zinashuka pangoni hadi kwenye maji baridi." Maneno machache tu, lakini anayetembea kwa fimbo keshajua kuna ngazi kabla hajalipa nauli.

Basi, wakati sisi tunawahangaikia wasomaji wa mbali, chumba cha pili kulikuwa na msomaji tusiyemjua.

Siku moja nimekwenda dukani kununua mkate, jirani akaniuliza kwa upole kabisa, "Mambo ya Maskati yameshatengemaa?" Moyo ulinipasuka. Wifi yangu ameolewa Maskati, na wiki ile alikuwa amemwandikia mama yake habari za ndoa yake. Habari nzito, za mtoto kwa mama. Sasa zimefikaje kwenye foleni ya mkate?

Jioni tukamuuliza Mama. Akainamisha kichwa. Kumbe muda mrefu maandishi ya simu alikuwa hayaoni, jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili linafuata. Kwa kuona haya kutusumbua, kila ujumbe ukiingia anampelekea kijana wa dukani amsomee. Kijana hana ubaya, jamani! Anasoma kwa sauti kwa sababu duka lina kelele. Hata namba ya siri ya pesa za simu alikuwa anayo yeye, na hakuwahi kugusa senti.

Mume wangu aliruka kama aliyekanyaga moto. "Kuanzia leo simu yako nitakusomea mimi. Na namba ya siri nitaishika mimi. Na kesho tunakwenda hospitali."

Mama akamtazama. "Mwanangu, kwa hiyo nimetoka kwa kijana wa dukani, nimeingia kwako?"

Usiku ule hatukulala mapema. Yeye akisema anamlinda mama yake. Mimi nikisema, kumlinda mtu si kumnyang'anya. Akanijibu kwamba kuna mambo lazima mtu mmoja aamue. Ndipo nikamuuliza, "Kwani kwenye CSS yako neno la mwisho ni la nani?"

Akanyamaza. Jibu alikuwa nalo, maana alinieleza mwenyewe tukiwa wachumba. Fundi anaweza kuandika amri ya rangi au ukubwa, halafu akaipachika alama ya mshangao na neno la kusema hii ni muhimu. Msomaji naye anaweza kuweka amri zake kwenye kompyuta yake. Zikigongana mbili hizo, zote zinadai ni muhimu, nani anashinda? Katika toleo la 1996 alishinda fundi. Mwaka 1998, toleo la pili likaipindua sheria: ashinde msomaji. Sababu iliandikwa wazi, kwamba mwenye mahitaji maalumu ya macho awe na mamlaka juu ya anachokisoma.

Asubuhi mume wangu alikaa chini mkekani na ile simu. Hakusema "nitakufanyia". Alisema, "Mama, niambie unavyotaka." Mama akachagua herufi kubwa kiasi kwamba neno "Assalamu" linajaza nusu ya kioo. Akataka rangi nyeusi nyuma na maandishi meupe. Namba ya siri akaibadilisha, sote tumegeuza nyuso. Kwa wifi yangu, wakakubaliana ya moyoni yapite kwa sauti, asikilize peke yake chumbani. Na hospitali? Alikwenda baada ya wiki mbili, kwa siku aliyoitaja mwenyewe. Upasuaji wa jicho la kwanza umeshapangiwa tarehe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinautaja hata mtandao wa intaneti. Ni vizuri. Lakini sheria haitaingia chumbani kwa mama yako kumuuliza kama anaona.

Kwa hiyo nawe, mpenzi msomaji, wikendi hii ukienda kwa wazazi, omba ruhusa uishike simu ya mzee. Usimsomee. Muulize herufi anazitaka ukubwa gani, kisha fanya hivyohivyo alivyosema, hata kama kwako ni kubwa mno. Wewe si ndiye utakayeisoma.