Mita Yangu na Taa ya Mama



Riziki yangu naipata kwa kuuza betri zilizotumika hapa Warwick Junction, Durban, karibu na stesheni ya Berea, penye msongamano wa teksi na wachuuzi. Kila betri huipima kwanza kwa mita ya tarakimu, ya bei nafuu. Niliiamini, kwani tarakimu zake husomeka wazi kuliko mshale wa mita za zamani.

Siku moja nilimwuzia mama mmoja wa Uvira betri ya volti 12, ya kuwashia taa kwenye meza yake ya mboga. Mita ilionyesha 12.7, yaani betri imejaa. Usiku wa pili akarudi. "Mwanangu, taa imezimika." Nilimjibu kwa ukali, mbele ya watu, kwamba mita haisemi uongo. Akaondoka kimya.

Jibu langu lilininyima usingizi. Nyumbani nilipima betri nyingine kwa mita yangu, ikasoma 12.7, mita ya jirani ikasoma 12.1, yaani chaji iliyobaki ni kama nusu tu. Ipi ya kuaminiwa? Mita mbili zikihitilafiana, hutakiwa shahidi wa tatu. Fundi mmoja wa redio akaniazima kibao kidogo kitoacho volti 10 kamili. Mita yangu ikasoma 10.5. Nikaifungua, nikabadili betri yake ya volti 9 iliyokuwa imechoka, ikasoma 10.01. Kumbe chombo chenye njaa ndicho kilichokuwa kikizidisha!

Asiye na kibao kama hicho naye anayo njia. Agusanishe ncha mbili za mita: isome sifuri. Kisha apime betri ndogo mpya ya alkalini, ambayo kwa kawaida husoma kati ya volti 1.5 na 1.65. Ikisoma 1.7, aishuku mita kwanza. Wala asijaribie kwenye umeme wa ukutani, ambao hapa ni volti 230 na huua.

Nilimrudishia mama fedha zake, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale. Tumeamrishwa kutimiza vipimo, nami nilipunja bila kukusudia. Tangu hapo, kila Jumatatu, kabla ya kupima mali ya watu, huipima mita yangu.