Vernisi iliyokula rangi

Wadogo wetu wapendwa, sisi wakubwa tunaomba musamaha. Mutoto wa darasa la kwanza alichonga motokari ya mbao, akaipaka rangi ya mafuta, nyekundu. Tukamwambia: «Tia vernisi ya selulozi, inakauka mbio.» Kumbe dawa iliyo ndani yake ni kali! Rangi yote ikajikunja kama ngozi ya muzee. Mutoto akalia, sisi tukanyamaza.

Sasa tumejifunza. Acheni rangi ya mafuta ikauke kabisa, kisha mutie vernisi ya maji. Hii haili rangi. Lakini mujaribu kwanza kwenye kipande kilichopakwa rangi ileile. Mupake nyembamba, mara mbili, dirisha wazi, mbali na moto.

Na mukubwa asiyejua, aseme: «Sijui.»