Barua Mbili Zilizo Ndani ya Kopo

Wanangu mlioko Durban,

Mwezi ujao, Mungu akipenda, narudi Tanga kupumzika. Cherehani zangu nimeshazikabidhi, sidai wala sidaiwi. Jambo moja limebaki la kuwausia, nalo ni la wakusanya madeni, maana karibu kila Ijumaa tukitoka kuswali Msikiti wa Juma, pale Grey Street (jina jipya la mtaa sisi wazee halijatukaa mdomoni), kuna kijana hunivuta pembeni akanionyesha ujumbe kwenye simu yake huku mkono unatetemeka.

Yalinipata na mimi. Mwaka 2016 nilikopa cherehani ya kudarizi katika duka moja la mjini. Nililipa miezi kumi na minne, mgongo ukaniangusha, nikalala kitandani miezi mitano bila kushona hata kitufe. Niliporudi kazini, deni lilikuwa limehamia kwa kampuni ya kukusanya madeni, na kwenye taarifa yangu ya mikopo nimeandikwa mtu asiyelipa. Nilikuwa nadaiwa kweli, sikatai. Dawa ya deni ni kulipa.

Binti aliyenipigia simu alikuwa na sauti ya upole. "Baba, unadaiwa randi 6,400. Lipa 4,000 kabla ya Ijumaa, tunafunga faili na jina lako tunalitoa." Pesa nilikuwa nazo, kwenye bahasha kabatini, na nilishasimama kuifuata. Kilichonirudisha kitini ni kukumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya deni, nayo inaamuru deni liandikwe. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo uliyosema yaandike, tia tarehe na jina la kampuni. Siku nitakayoipata barua ndiyo siku nitakayolipa." Sauti ikabadilika. Akasema nafasi hiyo itanipita. Ijumaa ikapita, na ya pili ikapita, Jumanne barua ikaja.

Niliisoma dirishani mara tatu. Ilisema nikilipa 4,000 faili linafungwa. Habari ya jina, hamna hata neno. Lile alilolitamka kwa sauti tamu halikuwemo! Nikairudisha. Barua ya pili ikaja na maneno niliyoyataka: kwamba haya ni malipo ya mwisho na hakuna kinachobaki, na kwamba wataarifu ili jina langu lisafishwe. Nikalipa asubuhi hiyo hiyo kwa benki, si kwa mkono, nikaambatanisha risiti.

Miezi miwili baadaye nikaomba taarifa yangu. Sheria ya huku inakupa moja bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni inayozitunza, kama TransUnion, Experian na XDS. Iombeni hata kama hamdaiwi. Jina langu lilikuwa bado limechafuka. Nikapiga simu. Binti alishaacha kazi, na bwana aliyepokea akasema wao hawana ahadi kama hiyo. Nikamsomea barua yao neno kwa neno, pamoja na namba ya faili. Akanyamaza.

Hapo ndipo nilipojifunza lililonitia uchungu. Tangu Machi 2015 sheria ya mikopo inasema deni likishalipwa, aliyekukopesha ana siku saba kutoa habari hiyo, na kampuni ya taarifa ina siku saba nyingine kufuta alama mbaya. Kumbe nilichoahidiwa kama hisani kilikuwa haki yangu tayari. Nikapeleka pingamizi kwa kampuni ya taarifa, na barua na risiti ndani. Wana siku 20 za kazi kuchunguza. Kabla hazijatimia, jina likasafishwa. Wangekataa, ningekwenda kwa Baraza la Wakusanya Madeni, lililoundwa kwa sheria ya 1998, au kwa NCR, wasimamizi wa mikopo wa taifa. Nendeni bila woga. Kuwa mgeni hakukuondolei haki hiyo.

Na lipo la deni kuukuu, ambalo linaniumiza zaidi kwa sababu linawapata wasio na mtu wa kumuuliza. Kinyozi mmoja wa mtaa wa Point, hapa Durban, alipigiwa simu kuhusu simu ya mkononi aliyoikopa zamani. Akaambiwa tuma randi 200 tu, kuonyesha nia njema. Akatuma. Deni la kawaida hufa baada ya miaka 3 bila malipo wala kukiri, isipokuwa kama mahakama ilishahukumu, na likishakufa wamekatazwa kulidai. Lake lilibakiza miezi miwili. Zile randi 200 zikaanzisha miaka 3 mingine. Kwa hiyo mkipigiwa, msiseme "ndiyo, nadaiwa" na msitume hata senti kabla ya kuuliza malipo ya mwisho yalikuwa lini, na jibu lije kwa maandishi.

Kopo langu la biskuti liko juu ya kabati la vitambaa, dukani. Risiti zote zimo. Barua ile ya kwanza, isiyo na neno la jina, nimeibana pamoja na ya pili, ili mzisome kwa pamoja kabla hamjamjibu mtu.